Anayeleta Huonja Kwanza

Munyaneza alikuwa na ushuhuda mtamu kuliko wote katika kanisa lao, na yeye mwenyewe alilijua hilo. Tusimsingizie unafiki, alikuwa ameokoka kweli. Lakini mtu akishaona watu mia wananyamaza kwa ajili yake, kina mama wanajifuta macho kwa ncha za vitenge, wanakwaya wameacha kunong'onezana, hata awe mtakatifu namna gani, kuna mahali moyoni panapochekelea. Alitoka gerezani mwanzoni mwa mwaka 1998, siku ambazo barabara ya Ruhengeri ilikuwa haipitiki bila askari na kila mtu wa Gisenyi alikuwa ndani kabla giza halijaingia. Jumapili ya kwanza akapewa nafasi aseme aliyotendewa na Mungu. Jumapili iliyofuata akaombwa aseme tena, na baada ya hapo haikuwa lazima kumwomba.

Ushuhuda wenyewe ulikuwa hivi. Mwaka 1995 yeye na wenzake walikuwa wezi wa mabohari. Ng'ambo ya bariyeri ya mpakani, huko Goma, wakimbizi walikuwa wamejaa hata ardhi haionekani, wote wanataka unga, mafuta na turubai, na anayewauzia haulizwi katoa wapi. Wenzake walivunja milango. Yeye alikuwa na sura ya upole, sura ya mtu unayeweza kumwachia mtoto, basi kazi yake ilikuwa kuwashughulikia walinzi, wale ambao kwetu wanaitwa zamu. Alifika jioni na kibuyu cha urwagwa, pombe ya ndizi, akakaa na zamu, akapiga naye soga, akamkaribisha. Ndani ya kibuyu kulikuwa na vidonge vya usingizi alivyoletewa na mtu mmoja wa Goma, Kadiri.

Sasa, mtu wa kwetu hapokei kinywaji hivi hivi. Anayeleta huonja kwanza. Mwenzake humtazama, huona koo likishuka, ndipo na yeye hushika mrija. Si dharau wala si woga. Ndivyo tulivyolelewa, na mgeni asiyeonja alichokileta ni afadhali arudi nacho kwao. Munyaneza alijifunza kuonja bila kunywa. Alivuta mrija mpaka mashavu yakaingia ndani, koo likapanda na kushuka, na pombe yote ikabaki chini ya ulimi mpaka alipogeuka pembeni kama mtu anayekohoa. Zamu wakalala, mabohari yakafunguliwa, na asubuhi zamu waliamka na vichwa vizito wakafukuzwa kazi. Mmoja tu hakuamka. Aliitwa Vénuste, mtu wa Rugerero, na mvua ilimnyeshea usiku kucha mlangoni pa bohari la tajiri wake.

Hapo ndipo kanisa lilipokuwa likilia. Munyaneza alijua pa kupunguza sauti na pa kunyamaza. Alieleza jinsi walivyokamatwa kwa wizi tu, maana juu ya Vénuste watu walikwisha kusema kwamba zamu mlevi amekufa kwa ulevi wake, na hakuna aliyeuliza zaidi. Alieleza jinsi alivyompata Yesu katika gereza ambamo watu walilala kwa kupokezana kwa kukosa nafasi ya kunyoosha miguu, na jinsi alivyojifunza useremala humo humo. Jambo la Vénuste alilitoa mwenyewe, kwa hiari yake, bila kushikiwa fimbo, na serikali haikumfuata. Magereza ya nchi nzima yalikuwa yamefurika watu wenye damu nyingi zaidi mikononi, na vilimani vita ilikuwa haijaisha. Nani angehangaika na zamu mmoja?

Vénuste alikuwa na mke, na huyo ndiye mtu ambaye ushuhuda ulimsahau. Xavérine alikuwa akilima maharagwe Rugerero na kuyauza, siku nyingine Goma, siku nyingine soko la Mahoko. Kwa miaka yote hiyo alikuwa mjane wa mlevi. Tajiri wa bohari hakuleta hata sanda, akisema hawezi kumzika mtu aliyelewa kazini. Anastase, ndugu yake Vénuste, alisema mbele ya waombolezaji kwamba marehemu amejitakia. Xavérine alijua mumewe alikuwa mtu wa mrija mmoja, miwili, basi. Lakini mjane atabishana na nani? Akameza. Hata misa ya kumwombea marehemu aliiomba kwa aibu, kama mtu anayeombea mwizi.

Siku moja, sokoni Mahoko, mwanamke mmoja wa kanisa la Munyaneza alisimama mbele ya maharagwe yake na kumpa pole. Xavérine akauliza pole ya nini. Yule mwanamke akasema ya mume, kumbe maskini alinyweshwa dawa, ndugu yetu Munyaneza ameeleza vizuri sana, kanisa zima tumelia. Xavérine akamuuliza hiyo ilikuwa Jumapili gani. Mwanamke akafikiri, akajibu kwamba Jumapili gani hawezi kusema, maana amekuwa akieleza tangu mwaka jana.

Xavérine aliyaacha maharagwe kwa jirani, akapanda gari hadi mjini. Alimkuta Munyaneza katika karakana ya kanisa akipiga randa mbao za mlango. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Munyaneza, ambaye alizoea watu wanaolia. Alijitaja jina na la mumewe, kisha akasema:

"Batu ya kanisa bote balisikia. Wanakwaya balisikia. Batu ya Mahoko balisikia. Mimi bibi yake, ulitaka nisikie wa mwisho?"

Munyaneza alipiga magoti pale pale kwenye maranda. Akaanza kuomba msamaha, na maneno yalimjia kwa urahisi, yamepangana, kwa kuwa ndiyo yale yale ya kila Jumapili. Xavérine alimtazama kama anavyotazamwa mchuuzi anayepima kwa kopo lililotiwa tako la pili ili lijae upesi. Akamwambia anyamaze. Msamaha hauombwi hivyo, alisema. Aje kwao Rugerero, mbele ya ndugu za Vénuste na majirani, aje na kinywaji kama watu wanavyofanya, na hapo ndipo atajua kama anapokelewa au hapokelewi. Akageuka akaenda zake. Tangu siku ile Munyaneza hakutaka kitu kingine duniani kuliko kupokelewa na mwanamke yule, na ushuhuda wake ukaanza kumkwama kooni.

Mchungaji Niyonzima alifurahi mno kusikia habari hizo. Alikuwa amekulia Karagwe, Tanzania, akarudi nchini baada ya vita na Kiswahili chake kilichonyooka, na hakuwa mtu mbaya; ukimtafuta mtu mbaya katika habari hii utachoka bure. Kanisa lilikuwa likiandaa mkutano mkubwa wa Agosti. Mchungaji aliona kabisa jinsi mjane na muuaji wangesimama jukwaani wameshikana mikono. Wiki moja baada ya mkutano ingekuwa ndoa ya Munyaneza na Liliane, msichana wa kwaya, na mambo yote yangekwenda sawa kama nguo iliyopigwa pasi. Kikwazo kilikuwa pombe tu.

"Ndugu Munyaneza, mtu aliyeokoka habebi pombe," mchungaji alisema. "Peleka soda. Mungu huangalia nia."

Wakaenda na kreti ya Fanta. Wazee wawili wa kanisa walimsindikiza, na Liliane, na wimbo juu. Majirani walikuwa wamekusanyika uani kwa Xavérine, na Anastase alikuwa amevaa koti lake la misa. Aliitazama ile kreti, akauliza kama kuna harusi ya watoto mahali. Mzee mmoja wa kanisa akaeleza habari za imani yao na ubaya wa kileo, tena akaeleza kwa kirefu. Xavérine aliwaita watoto wa jirani akawagawia chupa zote, akawaambia waseme asante, akaingia ndani ya nyumba yake. Walirudi mjini bila wimbo. Mchungaji akasema mama yule ana moyo mgumu, aombewe.

Kanisa likamwombea Xavérine. Fikiria hilo: mtu amuue mume wako, kisha wakuombee wewe. Munyaneza naye alisimama kati yao, akainamisha kichwa pamoja nao, na kwa mara ya kwanza tangu aokoke hakuitikia amina. Alikuwa ameona jambo moja pale uani. Wimbo, wazee, Liliane na kitambaa chake cheupe: alikuwa amempelekea mjane ushuhuda mwingine, na soda juu yake.

Akaamua kurudi bila kumwambia mtu wa kanisa. Ila wokovu nao si shati la kuvuliwa. Alikuwa ameapa kutotia kileo mdomoni, na ameapa kwa dhati, kwa sababu alijua mdomo wake ulifanya nini. Basi akapata njia ya kati, njia ambayo mtu wa kwetu tu angeweza kuibuni. Katika karakana alifanya kazi na kijana Mkatoliki aliyeitwa Nshuti, mtu mcheshi asiye na ugomvi na kibuyu. Munyaneza angeleta pombe, Nshuti angeonja kwa niaba yake. Nshuti alisema kazi ya namna hiyo hata bila ujira anaikubali.

Walinunua kibuyu huko huko Rugerero ili wasipite nacho mjini, wakafika mchana peupe. Majirani wakaitwa tena, Anastase akaja, safari hii bila koti. Kibuyu kikawekwa katikati, mirija ikatiwa. Nshuti akasogea, akashika mrija.

"Usiku ile," Xavérine akamwambia Munyaneza, "ulituma mutu akuonjee?"

Nshuti aliuachia mrija kama umemchoma. Akarudi nyuma, akakaa kwenye jiwe la kunolea, na mpaka leo anasema hajawahi kupoteza kiu ghafla namna ile.

Xavérine alisema pombe ingoje kwanza. Alitaka Munyaneza awaambie watu wa kilima kile, mmoja mmoja wakisikia, Vénuste alikufaje. Munyaneza akasimama. Kanisani habari hiyo ilikuwa ikimaliza saa nzima, na vituo vyake, na machozi yake. Pale uani haikumaliza hata muda wa kuvuta sigara. Alisema Vénuste hakuwa mlevi. Alisema alikunywa kidogo, na alikunywa kwa sababu alimwona mwenzake anaonja, na mwenzake alikuwa hakuonja. Alisema mwenzake huyo ni yeye. Hakupata mahali pa kupunguza sauti, na hakuna mtu aliyelia isipokuwa Anastase, ambaye alijifunika uso kwa mikono miwili na kutaja jina la ndugu yake mara nyingi. Xavérine hakumtazama shemeji yake wala hakumpa pole. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Kisha akakinyanyua kibuyu mwenyewe, akakiweka mbele ya Munyaneza.

"Mama, mi niliokoka," Munyaneza akasema. "Nilimuahidi Mungu. Kwetu haturuhusiwi."

"Na mimi nilimuahidi Mungu vitu mingi, na Vénuste mbele ya padiri," Xavérine akajibu. "Kunywa, ao urudi na pombe yako."

Hakuna aliyemsukuma. Angeweza kuondoka, na kanisa lingempokea kama shujaa aliyeshinda jaribu. Angeongeza na hilo kwenye ushuhuda, na lingefaa sana. Alilifikiria, akaona jinsi lingefaa, akajichukia. Akapiga magoti, akashika mrija. Xavérine akasogea karibu, karibu kabisa, akainama kulitazama koo lake. Munyaneza akavuta. Koo likapanda, likashuka.

"Fungua kinywa," Xavérine akasema.

Akafungua. Mtu mzima, ndevu zimeanza kuingia mvi, amepanua mdomo mbele ya kilima kizima kama mtoto mbele ya muuguzi. Xavérine akamwambia ainue ulimi. Akainua. Hakukuwa na kitu chini yake. Akamwambia anywe tena, akanywa tena, akafungua kinywa tena bila kuambiwa. Ndipo Xavérine akachukua mrija wake, akainama, akanywa, akampisha Anastase, na Anastase akanywa. Majirani wakafuata. Kwa desturi yetu mambo yalikuwa yamekwisha, maana hakuna anayekunywa pamoja na adui wa damu.

"Nilikunywa," Xavérine alimwambia alipoaga. "Usiniombe neno ingine juu yake."

Munyaneza alishuka kwenda mjini analia na kucheka, akawapungia mkono askari wa kizuizi cha barabarani, akamsalimu hata asiyemjua. Miaka minne bila kileo, tumbo tupu, mirija miwili mikubwa: alikuwa anayumba. Nusu ya waumini wa kanisa lao hukaa kando ya barabara ile. Kufika jioni, mchungaji alikuwa na habari kamili, na kamili zaidi kuliko ilivyotokea.

Mchungaji alimwita ofisini akazungumza naye kwa upole. Alisema anamwelewa. Alisema pia kwamba kanisa haliwezi kuwa na mizani mbili. Mwaka ule ule kijana mmoja alitengwa kwa chupa moja ya bia. Lakini mlango uko wazi. Asimame Jumapili mbele ya waumini, aseme alitenda dhambi kunywa ile pombe, atubu, akae benchi la nyuma kidogo, kisha warudishe mambo yote, mkutano na ndoa. Liliane alikuja kumbembeleza machozi yakimtoka. Alimwambia aseme tu. Ni maneno, na yeye maneno hayajawahi kumpiga chenga.

Jumapili kanisa lilijaa kuliko siku ya ushuhuda wowote. Munyaneza akaitwa mbele. Mchungaji akamuuliza kwa sauti ya baba kama anatubu kwa kunywa pombe Rugerero. Munyaneza aliangalia upande wa kwaya, akamwona Liliane anatikisa kichwa kumhimiza. Midomo yake ilikuwa imeshafunguka, na maneno yalikuwa tayari pale, yamepangana vizuri kama siku zote.

"Ile nilimupa Vénuste na sikuimeza, ile natubu mpaka siku nitakufwa," akasema. "Hii nilimeza. Mchungaji, hii siwezi kutubu."

Watu wale wale waliokuwa wakimlilia hawakulia. Mtu alisonya huko nyuma. Mchungaji akauliza mara ya pili, kwa huzuni ya kweli, akapata jibu lile lile, akatangaza kwamba ndugu Munyaneza ametengwa na meza ya Bwana mpaka atakapolainika. Kisha akasoma matangazo ya wiki.

Mengine yalikuja yenyewe. Mtu aliyetengwa hafanyi kazi katika karakana ya kanisa, kwa hiyo randa ikarudi kabatini. Mtu aliyetengwa hafungishwi ndoa. Liliane alingoja mkutano wa Agosti upite, akidhani labda moyo wake utageuka, kisha hakungoja tena, na hatuwezi kumlaumu. Mkutano wenyewe ulifana. Waliletewa mganga wa zamani kutoka Goma aliyechoma hirizi zake jukwaani, na watu wakasema hajawahi kuonekana ushuhuda wenye nguvu kama ule. Munyaneza alizisikia ngoma kutoka chumbani kwake. Alisali peke yake, kwa Mungu yule yule, na kusali peke yake kulimuuma kuliko gereza, kwa maana gerezani angalau waliimba pamoja.

Mwezi wa tisa alipata kazi ya kupigilia mapau ya paa huko Rugerero. Jioni moja, akirudi na msumeno wake, alimkuta Xavérine mlangoni kwake anaanua maharagwe, wingu limeshuka kutoka upande wa volkano. Walisalimiana. Akamweleza yote: karakana, Liliane, benchi, neno aliloulizwa na jibu alilotoa. Alieleza kwa unyenyekevu, lakini tusidanganyane, alikuwa anangoja kitu. Alitaka aambiwe pole.

Xavérine aliendelea kukusanya maharagwe mpaka yakaisha.

"Kanisa yako iko palepale," alisema. "Siku yenye utasema ile neno, banakufungulia, na bibi utapata mwingine. Vénuste, mi nitamufungulia na neno gani?"

Munyaneza alisimama pale na msumeno wake, akaona jinsi alivyobeba hasara yake kuja kuionyesha kwa mtu huyu kati ya watu wote.

"Na utaisema?" Xavérine akamuuliza.

"Hapana, Mama."

Xavérine alimtazama, uso haujalainika hata kidogo. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kupiga bati.

"Bon. Ingia, utalowana," akasema. "Lakini usingoje nikupe kitu ya kunywa."

Munyaneza akauegesha msumeno ukutani, akainama mlangoni, akaingia.